Sindano ya Kiboko na Siku Niliyoifuta

Vueni mikanda kwanza. Nasema na nyinyi vijana mliopewa kazi ya kusoma vipimo, viwe vya mvua, vya upepo, au vya hizo mashine zenu zinazojiandikia zenyewe huku nyinyi mkinywa chai. Mimi kila asubuhi nilianza kazi kwa kuvua mkanda, kwa sababu ulikuwa na kifungo cha chuma. Kisha nilivua viatu, maana visigino vyake vilikuwa na misumari. Kisha nilitoa ufunguo na kijisu mfukoni, nikaviweka vyote ndani ya kiondo kilichotundikwa mtini hatua hamsini kutoka kibanda cha vipimo. Halafu nikaingia kazini peku, suruali nimeishikilia kwa mkono mmoja. Mke wangu alipokuja kunitembelea mara ya kwanza aliniuliza kama hiyo ndiyo kazi ya ukarani niliyojisifia nayo kwa baba yake.

Ndiyo hiyo. Nilikuwa karani wa sindano ya sumaku.

Ilikuwa miaka ya thelathini, Waingereza bado wanatawala. Mimi ni mtu wa Kasikeu, na wakati huo nilikuwa nimemaliza darasa la nne katika shule ya misheni na kwenda moja kwa moja kuvunja kokoto za reli, kwa kuwa hesabu nilizozijua hazikuwa na mtu wa kuzitaka. Nilivunja kokoto mwaka mzima. Nikilala, mikono ilikuwa bado inainua nyundo. Kwa hiyo Mzungu mmoja alipokuja kambini akitafuta kijana anayeweza kusoma namba bila kukisia, nilinyanyua mkono kabla hajamaliza kusema. Hilo lishikeni, mtanielewa mbele ya safari: nilikuwa tayari kufanya lolote nisirudi kwenye kokoto.

Kibanda chetu kilikuwa upande wa Kiboko, hapo mnapopajua leo kwa mashamba ya utafiti. Wakati ule palikuwa na migunga, kanga wengi na vifaru wachache wenye hasira. Kilijengwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka njia ya reli, kwa makusudi, maana reli ni chuma na gari moshi ni chuma kinachotembea. Ndani yake hapakuwa na msumari mmoja wa chuma. Nguzo zilifungwa kwa kamba za katani, paa lilikuwa la nyasi, na pale ambapo kamba haikutosha tuliletewa misumari ya shaba. Misumari hiyo ilitupa taabu. Nyinyi mnajua Wakamba na shaba. Kila baada ya wiki mbili ulikuta tundu mahali msumari ulipokuwa, na Jumapili kanisani ukaona bangili mpya kwenye mkono wa mtu. Mwishowe tukafunga kila kitu kwa kamba, na bangili zikaadimika.

Sindano yenyewe ilikuwa ndogo, haifikii urefu wa kidole changu cha kati. Ilining'inia kwa uzi mmoja wa hariri ndani ya sanduku la mbao lenye dirisha la kioo, na ilikuwa imebandikwa kipande kidogo cha kioo cha kujitazamia. Taa ilitupa mwanga kwenye kioo hicho, kioo kikaurudisha kwenye rula ndefu ya mbao iliyowekwa ukutani. Sindano ikigeuka kiasi cha unywele, doa la mwanga linasogea upana wa kidole. Mimi nilisoma doa liko kwenye namba gani, kila saa kamili, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, nikaandika kwa penseli. Siku ya kawaida doa lilikaa kwenye arobaini, mchana likapanda hadi arobaini na mbili au na tatu, jioni likarudi. Ukidhani hiyo ni kazi rahisi, jaribu kusoma arobaini na moja kwa miezi sita bila akili yako kuanza kukuandikia namba yenyewe.

Mzungu wetu tulimwita Bwana Sindano. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani ya fremu ya pembe ya ng'ombe, kwa sababu ile ya waya ingeivuta sindano. Alikaa Nairobi na kuja kwa gari moshi mara moja kwa wiki tatu hivi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi, lakini hakuwa mtu wa matusi, na ukimwuliza swali alikaa chini akakujibu. Siku moja nilimwuliza sindano hii inatafuta nini Ukambani.

"Jua nachoma sana," akasema. "Natupa vipande dogo-dogo ya umeme. Vipande nakuja mbali sana, nafika kule juu kabisa ya dunia, kule baridi. Sumaku ya dunia nakamata, navuta chini. Huko mbinguni nakuwa mto ya umeme. Watu ya huko naona moto ya rangi, kijani, nyekundu. Sisi hapana ona. Lakini mto nakuwa mkubwa, sindano ya hapa pia nasikia."

Nilitingisha kichwa kama karani aliyesoma. Ukweli ni kwamba sikuelewa. Aliyeelewa ni mzee Mutua.

Mzee Mutua alikuwa mlinzi wa kibanda. Alitoka upande wa Tseikuru, kaskazini kabisa ya Kitui, na alikuwa amezeeka akiwinda. Hakujua kusoma hata herufi moja. Meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa ncha kama ya wazee wote wa zamani zile, na alikuwa na tabia ya kukucheka kabla hujafanya kosa.

"Na nyinyi mnaona ajabu?" akaniambia kwa Kikamba baada ya Bwana kuondoka. "Mto Athi hufurika hapa na sisi hatujaona wingu. Mvua imenyesha huko juu kwa Wakikuyu. Wewe unaona maji tu, tena ya matope. Sasa huyu anasema mvua ya jua inanyesha mbali, na mto unapita juu yetu. Basi. Kuna nini cha kukuna kichwa?"

Tangu siku ile sijawahi kupata maelezo bora zaidi. Mwaka juzi mwalimu wa fizikia wa sekondari yetu alikuja nyumbani akanichorea kwenye karatasi mambo yanayojulikana leo. Vyombo vimerushwa vikapita juu ya ncha za dunia, vikakuta kweli elektroni zinakwenda kwa miali, nyingine zikishuka na nyingine zikipanda, zikifuata mistari ya sumaku, na mikondo ya umeme ikiteremka upande mmoja wa anga na kupanda upande mwingine. Alichora vizuri. Nikamwambia mzee Mutua alinieleza hayo yote akiwa amechuchumaa, anachoma kiazi. Alicheka akidhani namtania.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha kusoma doa pia. Namba nilizijua, lakini mkono ulitetemeka na pumzi yangu ilitikisa moto wa taa. Akanionyesha jinsi mwindaji anavyovuta upinde: vuta pumzi, itoe nusu, izuie hapo, kisha tazama. Usitazame kwa kukodoa, macho yaliyokodoka huona yanachotaka. Acha doa lije kwako. Nyinyi wenye mashine hamtaihitaji mbinu hii, lakini kama siku moja umeme ukikatika mtanikumbuka.

Mbinu nyingine ni ya buibui. Buibui wa Kiboko wanapenda uzi wa hariri kuliko kitu chochote duniani. Akishafunga utando wake pale, sindano inakuwa mbuzi aliyefungwa kambani, na wewe unaandika arobaini wiki nzima ukidhani dunia imetulia. Kila asubuhi pitisha unyoya wa kanga pembeni mwa sanduku, ndani usiguse. Bila buibui nisingeigundua mishale.

Habari ya mishale ndiyo iliyoleta mengine yote, kwa hiyo nitaieleza pole pole.

Katika mwaka wangu wa kwanza doa lilikuwa na tabia ya ajabu. Siku mbili tatu linakaa vizuri, halafu asubuhi moja nalikuta limeruka namba nne au tano, limekaa huko mpaka mchana, kisha limerudi. Bwana Sindano alipoona alikosa usingizi kwa furaha. Alichora mistari, akahesabu siku, akaandikia wakubwa wake ng'ambo kwamba kuna kitu kipya Kiboko, kitu ambacho sindano nyingine zote hazikioni. Mimi nilivimba kichwa. Nilijiona mtu niliyeonyeshwa siri ya mbinguni.

Asubuhi moja nilikuwa nikimfukuza buibui kwenye paa, juu kabisa ya sanduku. Mkono ukagusa kitu kigumu ndani ya nyasi. Nikavuta. Likatoka furushi la ngozi, na ndani yake mishale ishirini na kitu, kila mmoja na ncha ya chuma iliyofungiwa ngozi kuzuia sumu isikauke.

Nyinyi mliozaliwa kwenye nyumba za mabati hamjui, kwa hiyo nieleze. Mkamba hakuweka mishale yake chini. Aliichomeka kwenye nyasi za paa, ndani ya nyumba, juu, mahali ambapo mtoto hafiki na mvua haifiki. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Mkono wa mzee Mutua ulifanya hivyo bila kumwuliza. Isitoshe, kuwinda kulikuwa kumeshapigwa marufuku bila kibali, kwa hiyo kibanda cha serikali kilikuwa maficho mazuri kupita yote. Siku alizotaka nyama alichukua mishale alfajiri, akairudisha mchana. Mto wa umeme wa Bwana Sindano ulikuwa dikidiki wa mzee Mutua.

Nilipomwonyesha furushi alilipokea, akalifunga upya. Nikamwambia tulifiche mbali, tusiseme, Bwana hatajua. Siku Bwana alipofika, kabla hata hajavua kofia, mzee alimwendea na furushi mikononi.

"Bwana, hii mishale ni yangu. Mimi naweka huko juu ya nyumba, kwa nyasi. Nikienda kutafuta nyama natoa. Ile kuruka ya sindano ni mimi. Karani hakujua."

Bwana alitazama mishale, akatazama paa, akakaa juu ya jiwe. Uso wake uligeuka mweupe kisha mwekundu. Alikuwa ameshawaandikia wakubwa barua tatu. Sasa alipaswa kuandika ya nne kuwaambia alikuwa akipima kiamshakinywa cha mlinzi. Walimjibu, na majibu hayo hatukuonyeshwa, lakini safari iliyofuata alikuja amenyong'onyea. Hakumfukuza mzee. Alituita sote wawili mbele ya kibanda, akasema maneno machache.

"Huko nasema sisi ni watu ya mchezo. Sindano naruka tena kwa sababu ya chuma, mara moja tu, mimi nafunga hii nyumba. Mutua nakwenda Tseikuru. Wewe narudi reli."

Reli. Nyundo na kokoto. Nililala nikiisikia.

Baada ya hapo niligeuka askari. Kila asubuhi nilimpekua mzee Mutua, naye alikubali huku akinidhihaki, akifungua kinywa nimkague meno. Nilipekua paa kwa mikono miwili. Bwana aliipanga rula upya, miezi ikapita, doa likakaa kwenye arobaini kama mtoto mwenye adabu, na Bwana akaanza tena kutabasamu.

Halafu ikaja siku yenyewe. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa ya kiangazi, jua kali, hakuna wingu wala upepo. Saa moja nilisoma arobaini. Saa mbili arobaini na moja. Saa tatu nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikatazama, na doa lilikuwa kwenye hamsini na mbili.

Nilitoka mbio. Nilimpekua mzee mpaka kwenye mikunjo ya shuka. Nilipekua paa, nikapekua chini ya mawe, nikazunguka kibanda nikitafuta kwato, jembe, kopo, chochote. Hapakuwa na kitu. Nikarudi. Niliandika hamsini na mbili. Saa nne doa lilikuwa sitini na saba, na halikutulia, lilitetemeka huku na huku. Nikaandika. Saa tano lilikuwa limeanguka hadi kumi na nane. Nikaandika na hiyo. Mzee Mutua alikuwa amesimama mlangoni, ametazama doa linavyokimbia kwenye rula, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa akicheka.

"Mto umefurika," akasema.

"Mzee, nani atatuamini?"

"Kwani wewe umeambiwa uaminiwe? Umeambiwa uandike."

Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu asiyewahi kuvunja kokoto. Nilikaa kwenye kigoda nikaziangalia zile namba tatu. Niliona jinsi Bwana atakavyozisoma. Niliona uso wake ukigeuka mweupe kisha mwekundu. Angetazama paa, angemtazama mzee, na tungekula kiapo gani mbele ya mtu aliyekwisha kuchekwa mara moja kwa ajili yetu? Mzee aliposogea nje kufukuza nyani, nikachukua raba.

Nilifuta hamsini na mbili, nikaandika arobaini na moja. Nilifuta sitini na saba, nikaandika arobaini na mbili. Nilifuta kumi na nane, nikaandika arobaini na tatu. Na saa sita, na saa saba, na saa nane, na saa tisa, doa likiruka mbele ya macho yangu kama panzi kwenye sufuria, mimi nilisoma jambo moja na kuandika jingine, mpaka saa kumi doa lilipotulia. Niwaambie siri ya wanaoghushi vipimo, ili mkisimamia wenzenu muwatambue: ukurasa wa uongo ni msafi. Hauna namba iliyokatwa, hauna alama ya kidole, hauna ile arobaini na moja iliyokuja mapema kidogo kwa sababu tu dunia ilipenda hivyo.

"Umeandika?" mzee akaniuliza jioni.

"Nimeandika."

"Yote?"

Nikamwambia yote. Alinitazama, akaenda kuwasha moto wake.

Kesho yake nilikwenda stesheni kuchukua mafuta ya taa. Karani wa simu za kugonga herufi pale alikuwa Yusufu, kijana Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka kaskazini mashariki na kufanya biashara ya ng'ombe na duka huko Tseikuru. Mzee Mutua alimjua tangu akiwa mtoto, na kwa ajili hiyo mimi na yeye tulikuwa marafiki. Siku hiyo nilimkuta amechoka, macho mekundu.

"Musyoka, hii mashine jana ilitaka kuniua," akasema. "Ilianza saa tatu hivi. Inagonga-gonga yenyewe, ta-ta-ta, hakuna mtu anatuma. Nikaita Makindu, hawasikii. Nikasema betri imeharibika, nikatoa. Wallahi nimetoa betri, na waya bado ina moto! Inagonga bila betri! Mkubwa wangu akasema nimelewa. Mimi, kulewa!"

"Saa tatu?" nikamwuliza.

"Saa tatu. Ikazidi saa tano. Nimeandika kila kitu kwa kitabu, wakitaka wanifute kazi."

Sikumbuki nilivyobeba yale mafuta hadi kibandani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nikimwonea Yusufu wivu. Yeye aliitwa mlevi na bado aliandika.

Siku ya nne Bwana Sindano alifika bila kutoa taarifa. Alikuja karibu akikimbia, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Nairobi walikuwa wamepata habari kwa simu ya upepo, yaani redio: huko kaskazini ya dunia mbingu ziliwaka nyekundu mpaka watu wakadhani miji inaungua, na kila mahali penye sindano, sindano ziliruka. Kila mahali, siku ile, saa zile.

"Nyumba yetu nasema nini?" akauliza. "Lete kitabu! Lete, lete!"

Nilikileta. Alifungua ukurasa ule amesimama juani. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Alipitisha kidole chini mpaka mwisho, akarudia. Nilimwona akizimika kama taa inayokosa mafuta. Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliniwekea mkono begani.

"Basi hapa hapana fika," akasema taratibu. "Wewe mtu ya kweli. Mtu ingine angeandika mchezo kunifurahisha. Wewe hapana."

Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wengi, wengine wakiwa na haki. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kuliko sifa ile.

Alikaa chini ya mgunga akaanza kuandika barua. Alinieleza anachoandika, maana alikuwa mtu wa kueleza. Anawaambia wakubwa kwamba siku ambayo dunia nzima ilitetemeka, Kiboko ilitulia. Kwamba labda kuna upande wa dunia ambao mto ule wa umeme hauugusi, na upande huo ni huu wetu. Barua ingeondoka na gari moshi la jioni, naye angekwenda nayo mpaka stesheni. Watu wenye elimu kubwa wangeisoma, na kuikalia mikutano, na kujenga hesabu zao juu ya raba yangu.

Mzee Mutua alikuja akasimama karibu nami. Alizungumza kwa Kikamba, sauti ya chini.

"Mimi sijui kusoma. Lakini naona uso wa yule mtu, na najua nilichoona kwenye ule ubao. Umemwambia mto hauna maji. Atawaambia wengine wavuke."

"Nikisema, narudi kwenye kokoto."

"Utarudi," akasema. "Mimi nilipopeleka mishale nilijua narudi Tseikuru. Sikurudi, lakini nilijua narudi."

Bwana alikuwa anaulamba ukingo wa bahasha aifunge. Nilimwendea.

"Bwana, usifunge. Sindano iliruka."

Hakunielewa mara moja. Nikamwambia yote, kuanzia hamsini na mbili. Nikamwambia habari za Yusufu na waya uliogonga bila betri. Nikamwambia nilifuta kwa raba, hapa, na hapa, na hapa, na kama akiinamisha ukurasa juani ataona alama za penseli ya kwanza. Aliinamisha. Nilikuwa nimefuta kwa bidii mno, hakukuwa na alama iliyosomeka.

"Kwa nini?" akauliza.

"Niliogopa kurudi reli."

Alichana barua vipande viwili, akavikunja, akavitia mfukoni. Nikamwambia, "Bwana, nazikumbuka. Namba zote nazikumbuka, kila saa. Naweza kuziandika sasa hivi." Na kweli nilizikumbuka, hata moja haikunipotea.

Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na ningeona afadhali angekuwa nayo.

"Hapana. Namba ya kichwa si namba. Jana kichwa yako alisema arobaini na moja. Leo nasema sitini na saba. Mimi najuaje kesho atasema nini?" Akanipa penseli. "Piga mstari. Siku yote. Halafu andika chini, kwa nini hakuna."

Nilipiga mstari juu ya namba za uongo, moja baada ya nyingine, mpaka siku nzima ikawa mistari mitupu. Chini yake nikaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza changu hakikufika huko: *Sindano ilisema. Msomaji aliogopa.* Nikatia jina langu. Bwana akasoma, akatia lake chini yangu, akafunga kitabu. Mzee Mutua alimpa maji ya kunywa kwenye kibuyu, akanywa, akavaa kofia.

Nilisubiri aniambie nifunge mizigo. Alipofika hatua kadhaa kwenye njia aligeuka.

"Kesho saa kumi na mbili nasoma?"

"Nasoma, Bwana."

"Soma," akasema, akaenda zake.

Nilisoma. Nilisoma sindano ile mpaka vita vilipokuja na kibanda kikafungwa, na sikuandika tena namba ambayo doa halikunipa. Iliruka mara nyingine, miruko midogo, ya namba tano, ya namba saba, nikaiandika yote na kumwita mzee Mutua aje ashuhudie. Kila asubuhi nilipovuta pumzi na kuitoa nusu nilikuwa nikiungojea mruko ule mkubwa urudi, ili mara hii nisimame mahali pangu. Haukurudi. Siku ambayo mvua ya jua ilinyesha juu ya ncha za dunia na mto wake ukapita Ukambani, mtu aliyewekwa kando yake kuupima alikuwa mimi.

Saa tatu, hamsini na mbili. Saa nne, sitini na saba. Saa tano, kumi na nane. Saa sita, tisa. Saa saba, ishirini na sita. Saa nane, hamsini na nane. Saa tisa, thelathini na tatu. Nazijua mpaka leo, na hakuna kitabu chochote duniani kinachoweza kuzipokea.